Sifuri Moja Tatu Tano

Mashine yangu ni ndogo kama Biblia ya mfukoni.
Mkia wake mweusi nauchomeka chini ya usukani,
nafungua swichi, siwashi injini,
nangoja.

Hapa Pasua, nyuma ya stoo ya mbao,
wateja hunyamaza kioo kikihesabu,
mikono kifuani, kama wanaosubiri majibu
ya damu.

Bi Aikande Mlay wa Kibosho hasimami hivyo.
Ameegemea Noah yake, madumu ya maziwa
yanatoka jasho nyuma ya kiti,
hoteli inapiga simu, anaikata.
"Taa ya njano imerudi," anasema. "Mara ya tatu.
Sasa hata wajukuu wanaisalimia."

Pe. Sifuri. Moja. Tatu. Tano.
Sensa ya oksijeni, ile ya mbele, haipati moto.
Sensa, mama, siyo ile ya kuhesabu watu,
hii huhesabu pumzi za gari.
Msimbo uleule wa Januari.
Msimbo uleule wa Machi.

Januari alinunua sensa Arusha, mpya, ya boksi,
akarudi na risiti, taa ikazimika siku tisa.
Machi akamwendea fundi mmoja wa Pasua,
aliyesoma kioo kama mtoto asomavyo bango:
kimeandika sensa, basi ni sensa.
Akafungua, akafunga, akafuta msimbo,
akapokea laki na themanini,
akanawa mikono kwa petroli na sabuni ya unga.

Leo nalala chali juu ya boksi lililokunjuliwa.
Nachomoa soketi, nagusisha mita,
nyekundu huku, nyeusi kwenye chuma.
Volti kumi na mbili zilipaswa kuwa hapa.
Sifuri.
Kumbe sensa ni nzima, ina njaa tu.
Nani anakula njiani?

Naufuata waya kwa vidole
kama mtu afuatavyo mfongo maji yasipofika mgombani,
akijua mahali fulani kuna jirani.

Chini ya kiti cha dereva, pale injini inapolala,
kiota.
Majani makavu ya mgomba, pumba za kuku,
sponji ya kiti, waya uliotafunwa hadi shaba
ukigusana ukitaka, ukiachana ukitaka,
na katikati, laini kama pamba, karatasi:
nusu ya muhuri wa duka la Arusha,
bei imeliwa,
yamebaki maneno "Karibu tena".

Bi Aikande anacheka mpaka anashika mlango.
Mimi sicheki sana.

Niseme tu: fundi wa Machi ni mimi.
Stoo ni hii, boksi la kulalia ni hili,
mita ilikuwa droo ya tatu, chini ya plagi kuukuu,
sikuitoa. Jumamosi, foleni, kioo kimeshasema.
Mashine haikudanganya. Ilitaja panapouma.
Mimi nikasikia: nunua.

Naunga waya kwa risasi, nauvalisha mpira.
Mashine inauliza kama ifute. Ndiyo.
Inasahau papo hapo, haina Machi.

"Ngapi?" Mkoba u wazi.
Nasema hakuna. Anasema usinifanye mjinga, risasi ni pesa.
Tunabishana hadi simu ya hoteli inalia tena.
Tunapatana: ile laki na themanini nitairudisha
kwa oili, kwa breki, kidogo kidogo, hata ikifika Desemba.
Ananimiminia maziwa kwenye kikombe changu cha chai
bila kuuliza kama kimeoshwa.

"Na mashine yako," anasema akiwasha,
"haikuandika kwamba nahitaji paka?"

Dashibodi safi. Noah inateremka mjini,
na mlima nyuma yake haujafunguka.
Sijamaliza maziwa, IST ya bluu inaingia,
kijana anatoa kichwa dirishani:
"Fundi, nipimie tu na kompyuta, nina haraka."

Droo ya tatu hukwama.
Naivuta.